KANSA YA KOMBE: JE, SARATANI HUAMBUKIZA?

"Usinywee kikombe cha bibi, ana kansa!" "Usikalie mkeka wake." "Nguo zake zifuliwe mbali." Vijana, maneno kama haya tumeyasikia, mjini na kijijini. Mgonjwa wa saratani hutengewa sahani, halafu hutengewa chumba, na mwisho hutengwa yeye mwenyewe. Wanaofanya hivyo si watu wabaya. Wanaogopa. Na woga huingia pale ambapo maelezo hayakufika.

Sasa sikieni jambo la ajabu. Baharini wapo wanyama ambao huambukizana kansa kweli kweli, bila mzaha. Ni kombe, wale wanyama wa magamba mawili ambao wanawake wa pwani huwaokota maji yakipwa. Kombe mmoja akiugua, seli za kansa yake hutoka mwilini mwake, hupita majini, na kumwingia jirani yake. Wanasayansi walithibitisha jambo hili mwaka 2015.

Je, hii ina maana kwamba wanaomtengea bibi sahani wana haki? Hapana! Ukifuata kisa hiki hadi mwisho, utaweza kumweleza mtu yeyote kwa nini hapana.

KWANZA, KANSA NI NINI?

Mwili wako umejengwa kwa seli, chembechembe hai ambazo huwezi kuziona bila darubini. Seli hugawanyika kwa mpangilio. Ukijikata kidole, seli za ngozi hugawanyika mpaka jeraha lifunge, kisha huacha. Maelekezo ya lini kugawanyika na lini kuacha yameandikwa ndani ya seli yenyewe, katika DNA. Jumla ya maelekezo yote ya kiumbe fulani huitwa jenomu.

Kansa huanza pale ambapo maelekezo hayo yameharibika katika seli moja. Seli hiyo hugawanyika bila kuacha. Watoto wake nao ni wakorofi vile vile. Hatimaye huwa kundi kubwa, na baadhi yao husafiri kwenda sehemu nyingine za mwili.

Shika neno hili moja, maana kisa chote kinalitegemea: kansa ya mtu ni seli za mtu huyo huyo. Haikutoka nje kama mdudu wa malaria. Ukipima DNA ya uvimbe wa mgonjwa, utakuta ni DNA ya mgonjwa mwenyewe, ila imeharibika hapa na pale. Na akifa, kansa yake nayo hufa.

Kwa kawaida. Lakini kwa kombe, mambo ni mengine.

KOMBE WALIOKUFA BILA KUELEWEKA

Katika pwani ya mashariki ya Marekani na Kanada yuko kombe mmoja mwenye gamba laini. Hujichimbia ndani ya tope, na wenyeji humla sana, wakimpika kwa mvuke. Wavuvi wengi hutegemea kumchimba ili wapate riziki.

Tangu miaka ya 1970 watafiti walijua kwamba kombe hawa hupatwa na ugonjwa unaofanana na kansa ya damu ya binadamu. Damu ya kombe mzima ni maji maji, haina rangi. Kwa kombe mgonjwa, damu hiyo hujaa seli nyingi mno, nene na za mviringo, mpaka huonekana kama maziwa. Wengi hufa. Mahali pengine ugonjwa uliwashika kombe wengi kwa wakati mmoja.

Watu walijiuliza: ni uchafu wa viwanda? Ni mafuta ya meli? Au ni virusi? Wazo la virusi lilikuwa na uzito, kwa sababu paka na ng'ombe hupata kansa ya damu kutokana na virusi vya jamii moja na vile vya UKIMWI. Virusi hivyo huitwa retrovirusi.

Mtafiti mmoja aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huu kwa miaka mingi, Carol Reinisch, alilipeleka swali kwa bingwa wa retrovirusi, Stephen Goff, wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York. Maabara ya Goff ilianza kusaka kirusi.

Hawakupata kirusi. Walichopata, na kukitangaza mwaka 2014, ni kipande cha DNA chenye tabia ya kujinakili na kujipachika mahali pengine ndani ya jenomu. Wakakiita Steamer, jina ambalo Wamarekani humwita kombe huyu kwa sababu ya kupikwa kwa mvuke. Katika kombe mzima, nakala za Steamer zilikuwa kati ya 2 na 10 tu. Katika seli za kansa, zilizidi 100!

MWANAFUNZI ALIYENAKILI MTIHANI

Hapa ndipo anapoingia Michael Metzger. Wakati huo alikuwa mtafiti wa baada ya uzamivu katika maabara ya Goff, yaani alikwisha kupata shahada ya uzamivu lakini bado hajawa mkuu wa maabara. Yeye na wenzake waliuliza swali rahisi: DNA ya kansa hii ni ya nani?

Fikiri kidogo. Kama ni virusi vinavyosababisha kansa, basi kila kombe angeugua kwa seli zake mwenyewe. DNA ya kansa na DNA ya mwili wake zingelingana. Lakini kama seli zenyewe ndizo zinazohama, basi DNA ya kansa ingekuwa ya mgeni.

Walichukua kombe wagonjwa kutoka sehemu zilizo mbalimbali: New York, Maine, na Kisiwa cha Prince Edward huko Kanada. Kwa kila kombe walipima DNA ya damu yenye kansa, kisha DNA ya mwili wake.

Majibu yaliwaacha midomo wazi. DNA ya kansa haikulingana na DNA ya kombe mwenyewe. Zaidi ya hapo, kansa ya kombe wa New York ililingana na kansa ya kombe wa Kanada, mamia ya kilomita mbali. Hata Steamer ilikuwa imejipachika mahali pale pale ndani ya jenomu.

Hebu tuchukue mfano. Mwalimu anasahihisha mitihani ya shule tatu, moja Mtwara, moja Tanga, na moja Mombasa. Anakuta wanafunzi watatu wamekosea neno lile lile, mstari ule ule, na hata doa la wino liko pale pale. Atasema ni bahati tu? Hata kidogo! Atasema karatasi hizi zimenakiliwa kutoka karatasi moja. Metzger na wenzake nao walisema hivyo: kansa hizi zote zinatoka kwa kombe mmoja, aliyeishi zamani. Yeye alikufa. Seli zake hazikufa. Zimekuwa zikihama kutoka mwili hadi mwili.

Mwaka 2023 kundi la Metzger, ambaye kufikia hapo alikuwa na maabara yake mwenyewe huko Seattle, lilisoma jenomu nzima ya kombe huyu na ya kansa yake. Kwa kuhesabu makosa yaliyojilimbikiza katika DNA, walikadiria kwamba kansa hiyo ilianza zaidi ya miaka 200 iliyopita. Yaani kombe yule wa kwanza aliishi kabla ya babu wa babu yako kuzaliwa, na seli zake bado ziko hai leo.

SI KOMBE WA MAREKANI PEKE YAKE

Baada ya hapo watafiti walianza kutafuta kwingine, na wakapata.

- Mwaka 2016 walitangaza kansa za namna hii katika kome wa magharibi ya Kanada, na katika aina mbili za kombe wa Galicia, kaskazini magharibi ya Hispania. Ajabu nyingine: aina moja ya Galicia ilikuwa na kansa iliyotoka kwa aina nyingine ya kombe, jirani yake! Na walipomchunguza jirani huyo, hawakumkuta na ugonjwa. Huenda kizazi chake kimejijengea ukinzani.

- Mwaka 2019 walionyesha kwamba kansa moja iliyoanza kwa kome wa aina moja ya bahari za kaskazini imefika kwa kome wa Chile na Argentina, na pia wa Ufaransa na Uholanzi. Kome hujishika chini ya meli, hivyo inadhaniwa meli ndizo zilizowasafirisha.

- Mwaka 2023, kundi la watafiti wa Hispania na wenzao walieleza jinsi walivyokusanya karibu kombe 7,000 katika nchi 11. Ulipofika wakati wa kuhesabu kromosomu katika seli za kansa, waliona vurugu tupu. Seli nzima ya kombe wao ina kromosomu 38. Seli za kansa zilikuwa na kuanzia 11 hadi 354! Wanafunzi wa baiolojia mnajua binadamu ana kromosomu 46, na kwamba hata moja ikizidi huleta tatizo. Seli hizi zimevurugika kiasi hicho na bado zinaishi.

Mbali na wanyama wa magamba, kansa ya kuambukiza inajulikana kwa wanyama wawili tu wa nchi kavu. Mmoja ni mbwa, ambao huambukizana kwa kujamiiana. Mwingine ni mnyama wa kisiwa cha Tasmania, Australia, aitwaye shetani wa Tasmania. Hao huambukizana wanapong'atana usoni. Ugonjwa wao ulionekana mara ya kwanza mwaka 1996 na umewapunguza sana.

KWA NINI WAO, NA SI SISI?

Hili ndilo swali letu kubwa. Sababu ziko kadhaa.

Kwanza, angalia kombe anavyoishi. Chakula chake ni viumbe vidogo vilivyomo majini. Hunyonya maji, huyachuja, huyatoa. Chochote kilichomo majini humpitia. Seli za kansa zikitoka kwa mgonjwa huweza kuishi katika maji ya bahari ya baridi kwa majuma kadhaa. Jirani akivuta maji, huzivuta na zenyewe. Sisi hatuishi hivyo. Ngozi yetu ni ukuta, tumbo letu lina tindikali, na seli ya binadamu ikitoka nje ya mwili hufa upesi.

Pili, kinga. Kombe ana kinga, lakini ni ya namna nyepesi. Hatengenezi zile silaha maalumu ziitwazo antibodi, na seli zake hazina zile alama za utambulisho zilizo juu ya seli zetu. Wewe na mimi, kila seli ya mwili wetu imevaa kama kitambulisho. Askari wa kinga wakikuta seli isiyo na kitambulisho cha nyumbani, huishambulia na kuiua. Ndiyo maana mtu akipandikizwa figo ya mwingine, hata ya ndugu yake, lazima anywe dawa za kutuliza kinga. Bila dawa hizo mwili huikataa figo.

Basi hebu fikiria seli ya kansa ya bibi ikikuingia kwa bahati mbaya. Kwa askari wako, seli ya bibi ni mgeni asiye na kitambulisho. Haipati nafasi.

Tusiwafiche: yapo matukio nadra mno duniani ambapo seli za kansa zilihama kutoka mtu hadi mtu. Yametokea katika upandikizaji wa viungo, kwa sababu kinga ilikwisha tulizwa kwa dawa, na mara chache sana kutoka kwa mama mjamzito kwenda kwa mtoto tumboni. Lakini hayatokei kwa kula pamoja, kukumbatiana, kulala kitanda kimoja, kujamiiana, kupumua hewa moja, wala kumwuguza mgonjwa.

"LAKINI MBONA TUNAAMBIWA VIRUSI HULETA KANSA?"

Swali zuri, na hapa wengi huchanganya. Zipo kansa zinazotokana na vijidudu. Vijidudu ndivyo vinavyoambukiza. Kansa yenyewe haiambukizi.

Mfano mkubwa ni kansa ya mlango wa kizazi. Karibu zote husababishwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua jambo hili. Watu wengi hupata HPV na mwili huiondoa wenyewe. Kwa wachache hubaki, na baada ya miaka mingi huweza kuharibu seli za mama huyo, zikageuka kansa. Seli hizo ni zake, na hawezi kumwambukiza mtu kansa hiyo.

Mifano mingine ni hii:

- Virusi vya homa ya ini aina ya B na C huweza kuleta kansa ya ini.
- Kichocho cha njia ya mkojo, kisipotibiwa kwa miaka mingi, huweza kuleta kansa ya kibofu.
- Uvimbe wa taya kwa watoto, ambao daktari Denis Burkitt aliueleza kutoka Uganda mwaka 1958, unahusiana na kirusi fulani pamoja na malaria ya mara kwa mara.
- Mtu mwenye VVU asiyetumia dawa hupata baadhi ya kansa kwa urahisi zaidi, kwa sababu askari wake wa kinga wamepungua.

Unaona faida ya kujua tofauti hii? Mtu anayedhani kansa yenyewe huambukiza atamkimbia bibi yake. Mtu anayejua ukweli atakwenda kuchanjwa. Chanjo ya HPV kwa wasichana ilianza kutolewa nchi nzima Rwanda mwaka 2011, Uganda 2015, Tanzania 2018, na Kenya 2019. Chanjo ya homa ya ini B hutolewa kwa watoto wachanga. Kichocho kina dawa. VVU vina dawa za kufubaza. Hizi ndizo kinga za kweli, na kuficha vikombe si mojawapo.

JE, NIKILA KOMBE MGONJWA?

Ndugu zetu wa pwani msiwe na wasiwasi. Hakuna mtu aliyewahi kuonekana kupata kansa hii kwa kula kombe, kome au chaza. Kama kombe wa Galicia walivyotuonyesha, kansa hizi zimevuka kutoka kombe mmoja hadi ndugu yake wa karibu, na hapo ndipo mwisho wake. Binadamu yuko mbali mno na kombe. Na ukipika vizuri, seli hizo hufa kama seli nyingine zozote.

Hatari ya kweli katika kombe ni nyingine kabisa. Kwa sababu huchuja maji, hukusanya kila kilichomo. Kama maji ya choo yanamwagika baharini karibu na pale anapookotwa, anaweza kubeba vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya ini aina ya A. Kwa hiyo:

1. Msiokote karibu na bomba la maji machafu au mto unaopita katikati ya mji.
2. Tupa kombe aliyekwisha kufa kabla ya kupikwa, yule ambaye gamba liko wazi na halifungi ukiligusa.
3. Pika mpaka aive kabisa. Wale wasiofunguka baada ya kupikwa, watupe.
4. Maji ya bahari yakibadilika rangi kwa ghafla na wataalamu wakatoa onyo, acha kuokota. Kuna sumu za mwani ambazo hata moto hauziondoi.

UTAFITI HUU UNAMFAA NANI?

Wengine watasema, "Kombe wa Marekani ananihusu nini mimi?" Anakuhusu kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni chakula na kazi. Dunia nzima watu wanafuga chaza, kome na kombe kama sisi tunavyofuga kuku. Hapa kwetu, wanawake wa Fumba, Unguja, wamekuwa wakifuga chaza kwa ajili ya nyama na kwa ajili ya nusu lulu, ambazo hutengenezwa kuwa vito na kuuzwa. Ufugaji wa namna hii hauhitaji chakula cha kununua, maana mnyama hujilisha mwenyewe kwa kuchuja maji. Lakini ukiwaweka wengi mahali pamoja, ugonjwa ukiingia huwamaliza haraka. Mwaka 2008 wafugaji wa Ufaransa walishuhudia chaza wachanga wakifa kwa wingi mno kutokana na kirusi. Tangu hapo watafiti wamekuwa wakichagua chaza walionusurika, wakiwazalisha, na kuchunguza jeni zinazowapa ukinzani. Kazi hiyo ilirahisishwa mwaka 2012, pale jenomu ya chaza wa Pasifiki iliposomwa na watafiti wa China pamoja na wenzao wa nchi nyingine. Walikuta jeni karibu 28,000. Miongoni mwake zipo nyingi za kumsaidia chaza kustahimili joto na ukavu wakati maji yamekupwa.

Kwa kansa ya kombe vile vile. Sasa tone moja la damu linatosha kupimwa na kuonyesha kama kombe ana kansa. Mfugaji anaweza kupima mbegu kabla ya kuzihamisha kutoka ghuba moja kwenda nyingine. Hili ni funzo kwetu pia: usilete mbegu za wanyama wa baharini kutoka nchi za mbali bila kupimwa. Mzigo wa kombe kumi unaweza kuwa umebeba ugonjwa wa ghuba nzima.

Njia ya pili ni afya ya binadamu. Ndani ya mwili wa mgonjwa, kansa ya mtu inapotoka titi kwenda mfupa, nayo inasafiri. Seli zinaachana na jirani zao, zinaelea katika damu, zinakwepa askari wa kinga, zinatua mahali pageni na kuanza kuota. Kansa ya kombe imekuwa ikifanya safari kama hiyo kwa zaidi ya miaka 200, kutoka mwili hadi mwili. Anayetaka kuelewa jinsi seli zinavyokwepa kinga ana mengi ya kujifunza kwake.

NA WEWE UNAWEZA

Pengine unadhani mtafiti ni mzee mwenye mvi na miwani. Kazi kubwa ya maabara hufanywa na vijana. Baada ya kidato cha sita huja shahada ya kwanza, kisha uzamili, kisha uzamivu. Anayemaliza uzamivu mara nyingi huajiriwa kwa mkataba wa miaka michache katika maabara ya mtu mwenye uzoefu. Si mwanafunzi tena, na bado si profesa. Huko hujifunza kusimamia swali lake mwenyewe. Swali la Metzger, "DNA hii ni ya nani?", alilishughulikia akiwa katika ngazi hiyo.

Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Zanzibar. Kenya ina taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi, yenye makao Mombasa. Baiolojia, kemia na hisabati ndizo funguo. Hesabu msiikimbie! Kusoma jenomu siku hizi ni kazi ya kompyuta kama ilivyo ya darubini. Na wasichana msiambiwe kwamba bahari ni ya wanaume. Anayejua kombe hukaa wapi, huzaa lini, na huadimika lini, tangu zamani ni mama zenu na nyanya zenu.

UKIWA NA MGONJWA WA KANSA NYUMBANI

Turudi kwa bibi. Mambo haya yashikeni:

- Kula naye. Kansa haipiti kwenye sahani, kijiko, kikombe wala mate.
- Mkumbatie, msaidie kuoga, lala naye chumba kimoja.
- Nawa mikono kabla ya kumhudumia. Mgonjwa anayetumia dawa kali za kansa huwa na kinga ndogo. Mafua yako wewe ni mzaha, lakini kwake yanaweza kuwa hatari. Yaani anayepaswa kulindwa ni yeye, dhidi ya vijidudu vyetu.
- Kwa siku mbili hivi baada ya kupewa dawa hizo hospitali, vaa glavu unaposafisha mkojo au matapishi yake. Hii ni kwa sababu ya dawa zinazotoka mwilini, wala si kwa sababu ya kansa.
- Ukisikia jirani akisema kansa huambukiza, usimcheke. Mweleze taratibu. Mpe mfano wa kitambulisho.

Wagonjwa wengi huchelewa kwenda hospitali kwa sababu wanaogopa watu watawakimbia wakijulikana. Mama huficha uvimbe wa titi mwaka mzima. Baba hasemi kwamba anakojoa damu. Wanapofika kwa daktari, muda umepita, ingawa kansa nyingi zikiwahiwa hutibika. Kumtengea mtu sahani kunaonekana jambo dogo, lakini kunaweza kumfanya mwingine afiche ugonjwa wake mpaka umuue.

JADILINI DARASANI AU KATIKA KLABU YENU

1. Kwa nini watafiti walipima DNA ya damu na pia DNA ya mwili wa kombe yule yule? Wangepima moja tu, wangekosa kujua nini?
2. Eleza tofauti kati ya "kirusi kinacholeta kansa" na "kansa inayoambukiza". Toa mfano wa kila kimoja.
3. Katika mtaa wenu, watu husema nini kuhusu kansa? Ni lipi la kweli na lipi si la kweli?
4. Mnajua wasichana katika shule yenu wanapata wapi chanjo ya HPV? Kama hamjui, mwulizeni mwalimu au mhudumu wa zahanati wiki hii.